Kopo Lililoandikwa USIGUSE

Vijana wangu wa meza ya simu, siku ile mliponikatia keki ya kuniaga pale dukani mlitaka niwaachie maneno machache ya kazi. Nilisema mawili, nikashikwa na kikohozi, nanyi mkadhani ni machozi. Kilikuwa kikohozi. Maneno yaliyobaki nayaandika sasa, kwa sababu mke wangu Kemunto amenipa wiki moja niondoe kile anachokiita takataka zangu katika stoo yetu hapa Kiogoro, apate mahali pa magunia ya mahindi na jogoo wake anayeumwa mguu. Niliingia humo Jumatatu asubuhi. Mpaka leo sijatoka vizuri.

Nimekuta redio ya mbao yenye uzito wa ndama aliyenyonya akashiba. Nimekuta chuma cha kulehemu kisichojua stima ni nini, cha kupashwa moto kwenye jiko la makaa. Nimekuta sindano za santuri, mita ambayo mshale wake ulikwama siku nisiyoikumbuka, na kinasa sauti cha magurudumu mawili, kikubwa kama sanduku la bibi harusi. Nyinyi mnaobeba duka zima mfukoni mngevitumia vitu hivi kuzuia mlango usipigwe na upepo. Na chini ya yote nimekuta kopo la mafuta ya kupikia lenye mwandiko wangu. Hilo nitalifikia. Kazi yetu haina haraka, ukiharakisha, unaungua.

Nilifika Kisii mjini miaka michache baada ya uhuru, kwa miguu, viatu vikiwa begani ili visichoke. Mzee Makori, aliyekuwa na duka dogo la kutengeneza redio kwenye mteremko wa kwenda sokoni, aliniajiri nifagie na kubeba betri. Betri za siku hizo zilikuwa na asidi. Siku ya kwanza niliikumbatia moja kama mtoto mchanga, na kufikia saa kumi suruali yangu, ambayo ndiyo ilikuwa ya pekee, ilikuwa na madirisha mengi kuliko shule. Mzee Makori alinitazama mbele na nyuma, akanipa aproni mbili. Huyo ndiye mwalimu wangu, na hivyo ndivyo alivyofundisha.

Jioni nilikwenda masomo ya ngumbaro, ya watu wazima, katika darasa la watoto, magoti yakigusa kidevu, taa ya karabai ikivuma juu ya vichwa vyetu. Nilijifunza kuandika nikiwa na ndevu. Mtu akijifunza kuandika akiwa na ndevu haachi kitu kitupu. Niliandika NYAKUNDI kwenye kiti changu, kwenye kikombe changu, kwenye mpini wa ufagio na chini ya meza. Mzee Makori alisema akifa ghafla watu watadhani duka ni langu.

Yeye alikuwa ananusa redio kama mama anavyonusa maziwa kabla ya kumpa mtoto. Naapa, mteja akiwa bado anashuka kwenye basi, Mzee alikuwa ameshajua kilichoungua. Alikuwa anafunga macho, ananusa matundu ya nyuma, anasema, "Valvu ya pili," na ikifunguliwa ni ya pili kweli. Mimi niliponusa mara ya kwanza niliweka pua karibu mno na waya uliokuwa na stima. Nilirushwa nikaipiga kalenda ya ukutani. Tulikuwa mwezi wa tatu. Nilipofumbua macho tulikuwa mwezi wa tisa, kwa maana karatasi sita nilikuwa nimeondoka nazo. Tangu siku hiyo kwanza nachomoa, ndipo nanusa. Nanyi kwanza mchomoe.

Kulikuwa na kesi ambazo hakuna kitabu kingekufundisha. Mzee mmoja Msabato kutoka upande wa Nyamira alikuwa anakuja kila Jumapili na redio ile ile, betri imekufa kabisa. Tukabadilisha betri, tukabadilisha waya, nikabadilisha mpaka maoni yangu juu ya mzee mwenyewe. Kila Jumapili anarudi, na kila Jumapili analaumu betri za siku hizi. Mwishowe Mzee Makori alinituma nipande basi Ijumaa alasiri nikaangalie inavyoishi. Jua lilipokaribia kuzama, yule mzee aliisogelea redio kwa heshima, akazungusha kitufe mpaka sauti ikapotea, akaifunika kwa kitambaa cheupe kilichofumwa na mkewe, kisha akaketi kuipokea Sabato. Lakini hakuzungusha mpaka ile "ta" ya mwisho inayozima. Redio ilikuwa chini ya kitambaa inaendelea kusema kimya kimya usiku kucha na Jumamosi nzima, ikila betri. Nilimwonyesha. Alishika ukuta. Hakuumia kwa ajili ya betri. Aliumia kwa kuwa nyumba yake ilikuwa imefanya kazi Sabato hamsini mfululizo. Aliniomba nisimwambie mchungaji. Mchungaji ameshafariki, kwa hiyo nawaambia nyinyi.

Sasa kanuni. Mzee Makori alikuwa na kanuni moja aliyoisema kwa mdomo, zote nyingine zilikuwa za macho. Alisema kitu cha mteja hakitumiki kujaribia mashine. Santuri ya kujaribia gramafoni ilikuwa yetu. Na kinasa sauti kilipoingia mjini, mwanzoni mwa miaka ya sabini, tukanunua kimoja na utepe wetu wa kujaribia. Tuliuweka katika kopo la mafuta ya kupikia, kwa sababu hilo halikuingiza vumbi wala mende. Ukitengeneza mashine, unachukua utepe wa kopo, unabonyeza kitufe chekundu, unasema moja, mbili, tatu, unarudisha nyuma, unasikiliza. Mara nne Mzee aliniambia niandike kitu kwenye lile kopo. Mimi niliyeandika jina langu hata kwenye ufagio nilisema nitaandika kesho.

Ndipo akaja Mama Bosibori wa Kebirigo. Alikuwa mjane, mwenye migomba na ng'ombe wawili, na mwanawe wa pekee, Ondieki, alikuwa Ulaya mwaka wa tano akisomea udaktari wa mifugo. Mama hakujua kusoma. Kila barua ya Ondieki ilikuwa inasomwa na mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa na miwani, pale sokoni, siku ya soko, mbele ya yeyote aliyekuwa na nafasi. Kwa miaka mitano Mama Bosibori hakuwa amepata neno moja la mwanawe ambalo halijapita kwanza kwenye mdomo wa mtu mwingine na masikio ya Kebirigo nzima. Ondieki alipopata habari hiyo alitafuta mashine ya kukodi huko aliko, akazungumza kwenye utepe, akautuma kwa posta. Barua fupi iliyokuja nao ilisema, kwa mdomo wa yule yule mzee, kwamba safari hii mama asikilize peke yake.

Mashine ya karibu iliyoweza kuucheza utepe huo ilikuwa kinasa sauti chetu, nacho kilikuwa kinaumwa. Nilimwambia auache, arudi Alhamisi saa sita. Aliutoa utepe kwenye leso. Na ili usipate vumbi njiani alikuwa ameuweka ndani ya kopo. Kopo la mafuta ya kupikia. La aina ile ile, ukubwa ule ule. Nikaliweka rafuni kando ya letu.

Alhamisi saa tatu mashine ilipona. Ilipona mikononi mwangu, bila Mzee kugusa hata skrubu, nami nikajiona nimefika. Nikafungua kopo, nikaweka utepe, nikabonyeza chekundu. Siku hiyo moja, mbili, tatu hazikunitosha. Nilizungumza dakika tatu nzima kwa Kiswahili cha mtangazaji: kwamba hapa anazungumza Fundi Nyakundi, fundi mkubwa kuliko wote kutoka Kisii hadi Kisumu, ambaye redio zikimwona zinapona kwa aibu. Nikarudisha nyuma. Nikasikiliza, nikatabasamu. Sauti yangu ilipokwisha, ukaja ukimya mdogo, kisha kijana nisiyemjua akasema kwa Ekegusii, katikati ya sentensi, "...ndiyo maana huku hata ng'ombe wanalala ndani ya nyumba, Baba, kwa sababu ya baridi."

Kwa Ekegusii, lugha yetu, mama ndiye tunayemwita Baba. Sikuhitaji kufungua kopo la pili.

Mzee Makori alikuwa amesikia yote. Alikuja akasimama nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza hakunusa kitu. Nilimweleza nilichokuwa nikikifikiria tayari: kuna wembe, kuna gundi. Naweza kukata dakika zangu tatu, niunge, mama asikie utepe unaoanza na ng'ombe. Atadhani ndivyo kijana alivyoanza.

"Unaweza," alisema. "Mkono wako sasa ni mzuri. Hata mimi sitauona mshono."

Kisha akakigeuza kiti chake, akaelekea ukutani na kazi yake. Nimekemewa na watu wengi, wengine wakiwa na fimbo. Hakuna aliyenichapa kama ule mgongo.

Saa sita kasoro dakika chache Mama Bosibori aliingia. Alivaa gauni la kanisani na kitambaa kipya kichwani, akabeba ndizi za kuiva kwa ajili yetu. Alikuwa amejitayarisha kusikia kama watu wanavyojitayarisha kupigwa picha. Aliketi kwenye kiti kilichoandikwa NYAKUNDI, akaiweka mikono magotini. Wembe ulikuwa mkononi mwangu, na utepe nilikuwa nimeuvuta tayari juu ya ubao.

"Anaanza kwa kuniita?" aliuliza.

Vijana, mimi ni mtu wa kuongeza chumvi, mnajua. Swali hilo ningelijibu vizuri kwa njia kumi na mbili. Niliweka wembe chini.

"Mama, mwanzo wake nimeufuta. Nimeweka sauti yangu juu yake kwa kosa. Haurudi."

Nje kuna mtu alikuwa anapiga bei ya kuku, na nakumbuka nilitamani niwe yule kuku.

"Uliusikia kabla ya kuufuta?"

"Hapana, mama."

"Na huyu mzee?"

"Hapana. Hakuna aliyeusikia."

"Basi angalau haukusomwa sokoni," alisema.

Akaniambia niuweke kama ulivyo, tangu mwanzo. Nilimsihi niruke sehemu yangu. Alikataa, alisema alipanda basi kuja kusikia utepe mzima. Kwa hiyo nilisimama pale, mikono nyuma, nikijisikiliza nikijisifu kwa dakika tatu ambazo zilikuwa ndefu kuliko mwaka wangu wa kwanza wa ngumbaro. Kiswahili alikuwa anakielewa kidogo tu.

"Na huyu anayepiga kelele ni nani?"

"Ni mimi."

"Unasema nini?"

"Nasema mimi ndiye fundi mkubwa kuliko wote kutoka Kisii hadi Kisumu."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye aproni zangu mbili. "Na Kisumu wanajua?"

Mabega ya Mzee Makori yalianza kutikisika, akiwa bado ameelekea ukutani.

Halafu Ondieki akaanza. Mama aliinama mbele mpaka kitambaa chake kikagusa gurudumu. Hakusikiliza kama mtu anayesikiliza redio. Alikuwa anaitika. Kijana akisema amepata chumba, anasema ee. Akisema chakula hakina chumvi, anasema ee, pole. Aliposema baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, mama aliuliza kama anafunika miguu, akangoja jibu, na utepe ukaendelea na mambo ya ng'ombe. Tuliucheza mara tatu, na mara zote tatu aliuliza habari ya miguu.

Baadaye alisema, "Sasa nataka anisalimu tena. Mwambie." Nikasema mimi si wa kumwambia, atamwambia mwenyewe. Mzee Makori alituma utepe mpya ununuliwe, na wakati tukiungoja nikaweka ule wetu wa kujaribia, nione kama kinasa kinaishika sauti yake. Nilimwambia aseme lolote tu, hii ni ya kujaribu. Alikaa sawasawa, akakohoa, akaanza kumwita mwanawe kwa jina, taratibu, kama mtu anayesimama mlangoni jioni akiita mtoto aliye mbali shambani. Nikamwambia mama, hii bado si yenyewe, nilisema lolote lingetosha.

"Hata ya kujaribu," alisema, "mtu huanza kwa kuita."

Ile yenyewe tuliinasa kwenye utepe mpya, tukaituma Ulaya. Humo alimshtaki fundi aliyemeza salamu, akaomba nyingine. Ilipita karibu nusu mwaka. Utepe wa pili ulipofika, Ondieki alikuwa amemsalimu mama yake mara tatu mfululizo, moja ya deni na mbili za akiba. Kisha akasema kwa Kiswahili safi, "Na wewe fundi wa Kisumu, usiguse."

Siku hiyo hiyo nilichukua rangi nyekundu, nikaandika kwenye lile kopo letu la zamani MAMA BOSIBORI na chini yake USIGUSE. Mzee Makori alikuwa ameshaamua, tangu siku Mama alipoita humo, kwamba utepe ule hautajaribia mashine tena. Alinunua mwingine, akaniketisha niandike kwenye kopo lake naye akiangalia, herufi kwa herufi.

Miaka iliyofuata mnaijua kwa kusikia. Redio za transista zikaja, ndogo mpaka wezi wakafurahi. Zikaja kaseti, na Ondieki alimtumia mama yake mashine ndogo ya kaseti, naye mama akaacha kuja kwetu isipokuwa kutuletea ndizi. Kinasa sauti cha magurudumu kikapanda rafu ya juu, kisha juu ya kabati, kisha nyumbani kwangu. Mzee Makori alipozeeka aliniachia duka, lakini pua yake sikuipata. Nimefungua redio, televisheni, na mwishowe hizo simu zenu ambazo skrubu zake zinahitaji mtu mwenye macho ya mwewe na vidole vya sisimizi. Hayo mengine mtaandika nyinyi.

Mama Bosibori alifariki zamani. Ondieki alirudi, akatibu ng'ombe wa nusu ya Nyamira, naye sasa amestaafu kama mimi, hapo hapo Kebirigo. Jumanne nilimpigia simu kumwambia nimekuta kopo lenye sauti ya mama yake. Akaniambia kwamba ana picha tano za mama yake, lakini sauti hana. Utepe ule wa Ulaya ulipotea na sanduku wakati wa kurudi, na ule wenye majisifu yangu uliliwa na panya. Kaseti zilizobaki mama alizinasia kwaya ya kanisa juu yake.

Siku mbili nilitengeneza mashine. Kapasita niliitoa kwenye redio ya mbao, Mungu anisamehe. Mkanda wa mpira niliukata kwenye tairi la baiskeli. Nilichomoa kwanza, ndipo nikanusa. Lakini utepe wenyewe ulikuwa umekauka kama jani la mgomba la kiangazi, na nilijua unaweza kupita mara moja tu, kisha ukatike vipande. Kwa hiyo sikuujaribu. Ndiyo, mmesikia vizuri: Fundi Nyakundi hakujaribu. Na kile kitufe chekundu nilikifungua kabisa, nikakitia mfukoni.

Daktari, maana ndivyo tunavyomwita, alikuja jana saa nne asubuhi. Alikuwa amevaa koti na tai. Kemunto aliwasha ile simu mliyonipa siku ya kuagwa, tuinase sauti, kwa kuwa kitufe chake cha kurekodi nacho ni chekundu na mimi nilikataa kukigusa. Kiti pekee kilichobaki stoo kilikuwa kile chenye jina langu. Daktari aliketi, akaiweka mikono magotini, akanitazama nikiuvisha utepe kwenye gurudumu.

"Fundi," alisema, "anaanza kwa kuniita?"

"Anaanza kwa kukuita," nikamwambia.

Valvu zilichukua muda kupata moto. Magurudumu yakaanza. Kulikuwa na mkwaruzo, sauti yangu ya ujana ikisema lolote tu mama, hii ni ya kujaribu, kisha kikohozi. Kisha akaita. Na yule mzee wa miaka sabini, mwenye tai, akanyanyuka nusu kutoka kitini akaitika, "Ee, Baba."